Kukalafati upya jahazi la zamani: mwongozo kamili tangu kupweleza hadi kurudi majini

Jahazi hupandishwa pwani, mianya ikajazwa pamba, likapakwa deheni (mchanganyiko wa chokaa na shahamu) likapendeza. Wiki ya pili baharini mabaharia wanakumba maji ya ngama, yaani yaliyokusanyika chini ndani ya chombo, usiku kucha. Mwenye chombo anamlaumu fundi, fundi anailaumu pamba. Mara nyingi pamba haina kosa. Imepigwa juu ya misumari iliyokwisha kulegea, au juu ya pamba kuukuu ambayo hakuna aliyetaka kujisumbua kuitoa.

Kalafati, yaani kujaza pamba kwenye mianya ya mbao, ina kazi mbili: kuziba maji na kukaza chombo. Pamba iliyopigwa sawasawa husukuma mbao za pande zote mbili, nazo zikabanana tangu mkuku (uti wa chini wa chombo) hadi juu. Msukumo huo ukikuta ubao usioshikwa na taruma (ubavu wa ndani unaoshikilia mbao), unautoa mahali pake. Ndiyo maana chombo kibovu kadiri kinavyopigwa pamba ndivyo kinavyozidi kuvuja, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla nyundo haijagusa chembeu (patasi ya kalafati).

Vipimo vilivyotumika ni vya jahazi la urefu wa m 12 lenye mbao za unene wa mm 35 hadi 40. Mashua na jahazi kubwa hufuata hatua zilezile, hesabu tu ndiyo inayobadilika. Mtepe haumo humu, kwa kuwa mbao zake zilishonwa kwa kamba na una kanuni zake.

## Watu wa kazi

Unahitaji fundi mkuu wa majahazi, mafundi wawili wa kalafati, na vibarua watatu au wanne. Kalafati hupigwa pande zote mbili za chombo kwa mwendo mmoja, kwa hiyo fundi mmoja peke yake hatoshi. Kama misumari itabadilishwa kwa wingi, zungumza na mhunzi mapema.

Mafundi wenye mkono wa kazi hii wako bado Matondoni na kwingineko Lamu, Nungwi kule Unguja, na katika bandari ndogo za mwambao. Kabla ya kupatana bei, mwombe fundi akuonyeshe chombo alichokikalafati mwaka uliopita, ukiangalie kikiwa kimepwelea, yaani kimekaa pwani maji yametoka. Chombo kikitoka majini kikavu ndani, hiyo ndiyo barua yake ya sifa.

Usipatane kwa mita ya mwanya. Anayelipwa kwa mita hukimbilia mita. Lipa kwa hatua: kusafisha, misumari na mbao, pamba, deheni, na fungu la mwisho chombo kikishakaa majini siku saba.

## Vifaa na mali

- Pamba safi ndefu isiyo na mbegu wala mchanganyiko wa nailoni
- Mafuta ya nazi au ya simsim kwa kulowesha pamba
- Sifa (mafuta ya samaki) kwa mbao za juu ya maji
- Chokaa iliyozimwa na kuchekechwa, na shahamu ya ng'ombe au ya mbuzi
- Misumari ya chuma iliyochovywa zinki
- Chembeu tatu: nyembamba ya kuingizia, nene ya kukazia, na fupi ya pembeni
- Nyundo ya mti mgumu yenye uzito wa kilo 1 hadi 1.5
- Kulabu ya kutolea pamba kuukuu, keekee au drili, tezo, randa, patasi, jiliwa (kibano)
- Magadi (miti ya kuegemezea chombo) yasiyopungua manane, na vipande vya ubao vya kuweka chini yake
- Turubai au makuti ya kutosha kulifunika jahazi lote

Kiasi cha pamba usikikisie. Hesabu mianya ya upande mmoja, zidisha kwa urefu wa chombo, kisha zidisha kwa mbili. Mianya 16 kwa m 12 ni m 192, pande zote mbili ni m 384. Piga pamba kwenye mwanya wa mita moja kwa majaribio, itoe, ipime. Ikiwa ni gramu 20, unahitaji kama kilo 7.7. Ongeza moja ya tano kwa ajili ya vichwa vya mbao na upotevu, ufike kilo 9 na kidogo.

Ikiwa mataruma yatahitaji mti wa mikoko kama mkandaa au mkomafi, kibali cha ukataji kishughulikiwe kwanza kwenye mamlaka ya misitu: Kenya kwa KFS, Tanzania Bara kwa TFS. Jahazi limewahi kukaa juu ya magadi msimu mzima likingojea kipande kimoja cha mti.

## Hatua ya 1: Chagua wakati, kisha pweleza

Epuka masika. Mbao zilizolowa mvua huwa zimevimba, mianya imebana, na pamba utakayoingiza ni chache kuliko inayohitajika. Jua kali la mwisho wa kaskazi nalo lina ubaya wa kinyume chake: mbao hukauka kupita kiasi, mianya ikaachama, fundi akaijaza mno, na chombo kikirudi majini mbao zikivimba hazina pa kwenda. Hapo ndipo misumari hung'oka na mataruma hupasuka. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndicho kipindi kizuri, kwani kuna ukavu bila ukali.

Ingiza jahazi wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, siku ya mwezi mwandamo au mpevu au siku moja mbili baada yake. Likikaa juu hivyo, maji mafu (yasiyojaa sana) hayatalifikia, nawe una takriban siku kumi za kazi kavu kabla ya bamvua linalofuata. Kazi ya misumari na mbao ikiwa kubwa, panga mabamvua mawili au matatu tangu mwanzo, na ulivute juu zaidi.

Weka magadi manne kila upande, kila moja likiegemea mahali penye taruma. Gadi likisukuma ubao mtupu huukunja ndani, na mwanya utakaoupiga siku hiyo utafunguka siku gadi litakapoondolewa. Chini ya kila gadi tia kipande cha ubao lisizame mchangani.

Utajua limekaa vizuri ukivuta uzi kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) chini ya mkuku: mkuku usiwe umepinda kati. Ukiona umeinama sm 2 au zaidi, panga upya magogo ya chini kabla ya lolote. Ukikalafati chombo kilichopinda, utakuwa umekifunga na upinde wake.

Lifunike mara moja. Asubuhi na jioni vibarua wamwagie ubavu maji ya chumvi. Maji ya kisima hayafai, kwa sababu maji yasiyo na chumvi yakiingia kwenye mbao hukaribisha uozo ambao chumvi huuzuia.

## Hatua ya 2: Ondoa deheni na pamba kuukuu yote

Kwangua deheni ya zamani mpaka ubao uonekane. Kisha ingiza kulabu kwenye mwanya uvute pamba nje. Iliyo nzima hutoka ndefu kama uzi mnene. Iliyokufa hutoka vipande vyeusi vyenye harufu ya tope.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Sehemu yenye pamba ngumu huachwa kwa kuwa "bado inashika", kisha pamba mpya ikapigwa juu yake. Pamba kuukuu haivimbi tena. Hukaa katikati ya mwanya, pamba mpya ikabaki juujuu, na wimbi la kwanza likaitema. Kama chombo kina miaka mingi, toa yote, upande hadi upande.

Usikwanguze kingo za ubao. Kulabu ikiteleza na kula ukingo, mwanya unakuwa mpana hapo na mwembamba pembeni yake, na pamba haikai sawa. Fanya pole pole, hata kama ni kazi ya siku tatu.

Hatua imekwisha unapoweza kupitisha chembeu nyembamba mwanya mzima, omo hadi tezi, bila kukwama.

## Hatua ya 3: Kagua mbao, misumari na mataruma

Chukua chaki za rangi mbili na nyundo ndogo. Gonga kila ubao kila nusu hatua. Ubao mzima hutoa mlio mkavu wa juu. Uliooza hujibu kwa sauti nzito iliyozama. Palipotia shaka choma ncha ya kisu: ikizama zaidi ya mm 5 bila nguvu, tia alama nyekundu.

Tazama kila kichwa cha msumari. Duara jeusi kwenye mti maana yake chuma kinaoza na kinauozesha mti unaokizunguka. Msumari wa namna hiyo unaweza kuonekana mzima kwa nje huku kiuno chake kimebaki chembamba kama sindano. Toa mmoja katika kila eneo lenye duara jeusi ukauangalie. Ukiwa umeliwa nusu, hesabu kwamba jirani zake wamekwenda vilevile.

Sasa ingia ndani ya chombo na kisu chembamba. Jaribu kukipenyeza kati ya ubao na taruma. Kikiingia kwa urahisi, misumari ya hapo haishiki kitu. Tia alama nyeupe. Alama nyeupe ndizo zinazoamua kama kalafati yako itadumu, kuliko ubora wa pamba yoyote.

Ubao wa kwanza kando ya mkuku uukague mara mbili, na pia mahali mbao zinapofika kwenye hanamu mbele na kwenye fashini nyuma. Huko ndiko chombo kinakonyongeka zaidi tanga likijaa upepo, na ndiko uvujaji mwingi unakoanza.

Angalia pia matundu madogo yenye mdomo usiozidi mm 2 chini ya mstari wa maji. Ni milango ya minyoo ya bahari itoboayo mbao, na nyuma ya tundu dogo kama hilo huwa kuna handaki refu linalofuata urefu wa ubao. Matundu mawili matatu yazibwe kwa vijiti vya mti mgumu. Yakiwa mengi katika ubao mmoja, ubao huo utoke.

## Hatua ya 4: Kaza misumari, badilisha mbao

Anza na alama nyeupe. Msumari mpya usipigwe kwenye tundu la zamani, maana mti wa hapo umekwisha laini. Sogea sm 3 au 4 kando, ukifuata taruma lilelile, na tundu la zamani lizibwe kwa kijiti kilicholoweshwa mafuta.

Toboa kwanza. Kwa msumari wa mm 6, tumia biti ya mm 5. Kuupigilia moja kwa moja kwenye mninga au mbambakofi mkavu ni kuupasua ubao, na ufa wa ubao hauna kalafati. Chimba pia kitundu cha kuzamisha kichwa, kina cha mm 6 hivi. Zungushia uzi wa pamba wenye mafuta chini ya kichwa kabla hujaupiga ndani: kila msumari ni njia ya maji kama haukufungwa. Ncha itokeze upande wa ndani wa taruma angalau sm 2, ikunjwe kukata nyuzi za mti. Mtu mmoja apige kutoka nje, mwingine ashike kipande cha chuma kizito ndani.

Kisha badilisha mbao zenye alama nyekundu. Ubao mpya uwe mti uleule wa jirani zake ikiwezekana. Ukiweka mti laini kati ya migumu, utavimba kuliko wao na kusinyaa kuliko wao, na mianya yake miwili itakusumbua daima. Usiwe mbichi: ukitumia kipima unyevu, asilimia 15 hivi inafaa. Ubao wa kukunjwa hupashwa moto huku ukimwagiwa maji, kisha ukavutwa kidogo kidogo kwa jiliwa mpaka ukae juu ya mataruma wenyewe. Usiukunje kwa nguvu za misumari.

Kuhusu viungo vya vichwa vya mbao:

- Mbao mbili zinazopakana, viungo vyake viachane nafasi tatu za mataruma au zaidi.
- Viungo viwili visikae juu ya taruma moja ila kuwe na mbao tatu nzima kati yake.

Kanuni hizi hupuuzwa mtu anapotaka kutumia vipande vifupi vilivyobaki uwanjani. Matokeo yake ni mstari dhaifu unaopanda ubavuni, na chombo hufunguka papo hapo.

Kisu kikikataa kuingia kati ya ubao na taruma popote, hatua hii imekwisha. Pakiwa na sehemu moja inayokubali, bado.

## Hatua ya 5: Tengeneza mianya

Mwanya mzuri umefungwa ndani na umefunguka nje. Mbao zigusane kabisa kwa upande wa ndani, kisha zianze kuachana kuanzia katikati ya unene hadi nje, ambako upana uwe mm 2 hadi 3 kwa ubao wa mm 38.

Mwanya uliofunguka ndani hauna kitu cha kuizuia pamba, itapita moja kwa moja hadi ngamani. Usijaribu kuuponya kwa pamba nyingi. Mahali pafupi, gundisha ukanda mwembamba wa mti upande mmoja tu wa mwanya, ili mbao zibaki huru kucheza. Mahali parefu, ubao umesinyaa na unatakiwa kubadilishwa.

Mwanya uliobana mno ufunguliwe kwa chembeu nyembamba, usiutanue kwa msumeno. Ukimaliza, futa vumbi, kisha pitisha brashi yenye mafuta kidogo ndani ya mwanya. Mti mkavu hunyonya mafuta ya pamba na kuiacha kavu.

## Hatua ya 6: Sokota na lowesha pamba

Chambua pamba, isokote iwe uzi uliolegea, unene wa kidole kidogo kwa mianya ya kawaida. Ikisokotwa sana inakuwa kamba, haijazi pembe. Ikilegea sana inakatika chini ya chembeu.

Itie kwenye mafuta, kisha ikamue mpaka isidondoke. Pamba inayochuruzika mafuta huteleza, na haina nafasi ya kunywa maji na kuvimba.

Matambara na pamba zilizoguswa na sifa zisilundikwe pembeni. Mafuta ya samaki hujipasha moto yakikauka, na lundo linaweza kuwaka lenyewe. Yatie kwenye debe lenye mfuniko, au yaanike moja moja.

## Hatua ya 7: Piga pamba

Anzeni kwa mwanya wa mkuku, fundi mmoja kila upande, mkipanda juu mwanya kwa mwanya. Upande mmoja usiupite mwingine zaidi ya mianya miwili, kwa sababu kila mwanya uliokazwa unausukuma mwili mzima.

Usinyooshe uzi ukauzamisha moja kwa moja. Shika chembeu nyembamba, vuta pamba ufanye kikunjo kidogo, kisukume ndani, vuta kingine sm 2 mbele. Vikunjo ndivyo vinavyokuwezesha kupima: mwanya ukipanuka, vikunjo viwe vikubwa na karibu karibu, ukibana viwe vidogo. Ingiza mita mbili hivi kwanza, kisha rudi na chembeu nene ukaze.

Chembeu isiwe na makali. Kingo ziwe za mviringo na bapa liwe jembamba kidogo kuliko mwanya. Chembeu kali hukata pamba ndani usipoona, na pamba iliyokatwa hutoka vipande vipande.

Mkazo hujulikana kwa sikio. Pigo la kwanza hutoa sauti bubu, na pamba ikishuka sauti inapanda. Nyundo inapoanza kulia na mkono kuhisi chembeu ikirudi, acha. Mapigo matatu ya ziada hayaongezi kitu ila kupasua ukingo au kuipenyeza pamba itokeze ndani. Ikishakaa, pamba iwe imeacha kina cha mm 5 hadi 6 kwa ajili ya deheni.

Kibarua mmoja akae ndani ya chombo na taa. Akiona pamba imetokeza, agonge mara mbili, fundi asimame. Pamba iliyotokeza ndani itolewe na mwanya urudiwe. Kuikata kwa kisu ndani ni kuficha tu.

Penye kichwa cha ubao, mkia wa pamba ya kiungo uingie ndani ya mwanya mrefu, na pamba ya mwanya mrefu ipite juu yake. Kila moja ikiishia kivyake, pembe hubaki tupu, nayo ndiyo tone la kwanza utakaloliona majini.

Kwenye fashini na hanamu tumia chembeu fupi, na pamba tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene.

Ukipitisha kidole juu ya mwanya uliokamilika, kina ni kimoja mwanzo hadi mwisho. Ukibonyeza kwa ukucha, pamba haiachi alama.

## Hatua ya 8: Deheni chini, sifa juu

Yeyusha shahamu kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo, mbali na chombo na mbali na pamba. Ipua, kisha tia chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka ishikamane na mti bila kudondoka. Chokaa iwe kavu kabisa: yenye unyevu ikiingia kwenye mafuta ya moto hurusha, na mafuta hayo yakigusa jicho ni msiba. Chokaa isiyozimwa isitumike kamwe.

Ijaze kwanza kwenye mianya na vitundu vya misumari kwa kisu bapa, isawazishe na ubao. Kisha paka sehemu yote ya chini hadi sm 15 juu ya mstari wa maji, kwa mkono au kwa tambara, ikiwa bado na joto. Tabaka mbili zinatosha.

Wengi siku hizi hujaza mwanya kwa saruji au gundi ya viwandani inayokauka ikawa jiwe. Hupendeza pwani. Ubao ukivimba huisukuma nje au huvunjika wenyewe ukingoni, na fundi atakayekuja baada yako ataitoa pamoja na vipande vya ubao.

Juu ya maji, mianya ijazwe deheni ileile, na mbao zipakwe sifa mara mbili, siku mbili kati ya mipako.

## Hatua ya 9: Rudisha majini

Ondoa turubai siku mbili kabla, na zidisha kumwagia maji ya chumvi ili mbao zianze kuvimba zikiwa bado zimeegemezwa. Lishushe kwa bamvua, bila shehena, na lifungwe mahali patulivu.

Litavuja. Saa 24 za kwanza maji kuingia ni kawaida, kwa hiyo weka mtu na pampu. Pima kina cha ngama kila saa sita, ukiandika. Namba zikishuka kila siku, mbao zinafunga. Siku ya tatu hadi ya tano jahazi lililokalafatiwa vizuri halihitaji zaidi ya ndoo chache kwa siku.

Namba zisiposhuka, tafuta hivi:

- Maji yanapungua chombo kikitulia na kuongezeka tanga likipandishwa: misumari, hasa karibu na hanamu au mkuku. Rudi hatua ya 3.
- Yanaingia kwa kiasi kilekile wakati wote: pembe ya kiungo cha ubao au tundu la msumari.
- Yanaingia kwa upande mmoja tu, chombo kikilalia upande huo: mwanya wa ubavuni juu ya mstari wa maji, ambao haukupata kuvimba. Huo hurekebishwa bila kupandisha jahazi.

Kama jahazi litapakia abiria, usilirudishe kazini kabla ya ukaguzi wa mamlaka ya usafiri wa majini: KMA kwa Kenya, TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar. Mkaguzi atataka kuona mbao na misumari iliyobadilishwa, kwa hiyo mkaribishe kabla ya kupaka deheni, wakati kila kitu bado kiko wazi.

Deheni ipakwe upya kila baada ya miezi michache, na kila ukipweleza kwa ajili hiyo gonga misumari ya mkuku kabla ya kuchanganya chokaa.